Herufi Nene za Matanga

Valérie wa saluni alikuja na bango lake kichwani, kama mtu anayerudisha meza aliyoazima. Alilishusha mlangoni kwa Kamate, akaliegemeza ukutani, akaligeuza ili maandishi yatazame ukuta.

"Patron, utaniondolea hii kitu," alisema. "Banawake banakataa kusukwa chini yake. Jana mumoja ameniuliza nani amekufa humu ndani. Nikamwambia ni mimi, nimekufa na njaa."

Kamate alicheka mpaka akashika tumbo. Sylvie, mfanyakazi wake, aliyekuwa ameketi kwenye mashine, hakucheka. Alijua kwamba Valérie anasema kweli. Lile lilikuwa bango la mwisho la biashara kurudishwa. Kabla yake muuza dawa alikuwa amelirudisha la kwake, na mwenye baa ya karibu na soko alilipaka rangi nyeupe juu, akaandika jina upya kwa mkono, herufi zikipanda na kushuka kama mbuzi mlimani.

Herufi zile Kamate alizileta kutoka Kampala, ndani ya kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye mashine, wakati alipofungua sekretaria yake, duka la kuchapa maandishi, pale Bunia. Zilikuwa herufi nene, nyeusi, na kila moja ilikuwa na miguu. Si miguu myembamba ya maandishi ya kitabu, bali miguu mipana iliyokatwa mraba, mizito kama tofali. Herufi I ilisimama kama nguzo yenye jiwe juu na jiwe chini. O ilikuwa pipa lenye tundu dogo katikati. Ukiziweka kwa mstari zilionekana kama watu waliokataa kusukumwa. Zilitengenezwa kwa ajili ya mabango, zisomwe kutoka mbali, na kwa miaka ya kwanza kila mtu alizitaka: wauza misumari na mabati, wenye baa, wanasiasa wakati wa uchaguzi.

Kisha ikaja miaka ya kuuana vijijini. Watu waliletwa mjini wakiwa wamefunikwa, na matanga yakawa mengi kuliko harusi. Familia zilikuja kwa Kamate kuagiza bashi, zile turubai za plastiki zinazochapwa picha ya marehemu na jina lake ili zitundikwe njiani, watu wajue wageuke wapi. Walitaka jina lisomwe hata na mtu aliye juu ya pikipiki, hata na abiria wa lori lisilosimama. Sylvie akawapa herufi nene. Hakuna aliyekaa akaamua iwe hivyo. Ilitokea tu, bashi moja baada ya nyingine, mpaka mtaa mzima wa Lumumba, na mitaa ya jirani, ukawa unajua. Mtu akiziona zile herufi chini ya uso wa mtu, alizima redio ya pikipiki yake. Hata wasiojua kusoma walizijua. Mwisho familia ziliacha kuandika maneno mengine. Hapakuwa na nafasi, kwa sababu herufi zenyewe zilikula turubai nzima, na hapakuwa na haja. Picha, jina, basi.

Sylvie alizijua kwa vidole. Alijua kwamba L huacha shimo kubwa ikifuatwa na A, na kwamba M hula nafasi ya herufi mbili, kwa hiyo mtu aitwaye Emmanuel lazima picha yake ipunguzwe. Aliwaandika wazee, aliwaandika watoto wachanga, aliwaandika mapacha kwa bashi moja. Alifanya kazi ile vizuri na bila kusema mengi, na jioni alirudi nyumbani kupika.

Mume wake aliitwa Patou. Alikuwa mchimbaji wa dhahabu. Aliondoka kwenda machimboni masika ya mwaka uliopita, kama alivyokuwa akiondoka siku zote, na kuku wawili kwenye kikapu, akimwambia binti yao Fanny kwamba akirudi atamkuta anajua kugawanya. Kambi ya machimbo ilivamiwa alfajiri. Didier, rafiki yake waliyechimba naye shimo moja, alirudi Bunia na jeraha la mkono, akaeleza aliyoyaona. Alimwona Patou akikimbia kuelekea mtoni. Baadaye risasi zililia upande ule. Zaidi ya hapo hakujua kitu. Waliookota maiti hawakumwokota Patou.

Sylvie alilichukua neno moja katika maneno yote ya Didier, akaishi nalo. Anakimbia. Mtu anayekimbia anafika mahali.

Ndiyo maana alipomwona baba mkwe wake mlangoni kwa Kamate, siku ya Alhamisi, alijua kabla hajaketi. Mzee Udaga alikuwa ametoka Mahagi na ndugu zake wawili na mke wake, Mama Léontine, kwa msafara wa malori yanayosindikizwa na wanajeshi. Macho ya mzee yalikuwa yameingia ukungu, akashika ukingo wa meza kwanza ndipo akakaa. Alimsalimu Sylvie kwa jina la mtoto wake, kama ilivyo heshima, akamuuliza habari za Fanny, za shule, za mvua.

Sylvie akamwambia kwamba chai ipo.

"Mama Fanny," mzee alisema, "siye tumechoka. Mama yake halali. Anaamuka, anafungua mulango, anaangalia njia, anafunga. Tumekubaliana. Samedi tunamuzika mutoto."

"Mutazika nini, papa?"

Alimweleza. Kwao mtu ambaye mwili wake haukuonekana haachwi porini hivi hivi. Hukatwa shina la mgomba, lenye urefu wa mtu, huvikwa shuka na nguo zake, watu hulilia, hulichukua mabegani mpaka makaburini, hulishusha. Padri atasoma misa ya kumwombea. Lakini lazima watu wawepo. Shina likizikwa na watu watano wa nyumbani, alisema mzee, hiyo si maziko, ni kutupa takataka. Patou alikuwa mtoto wa mji huu, mji uje umlilie. Na Jumapili msafara unarudi, wao lazima warudi nao. Itakuwa Jumamosi hiyo au haitakuwa.

Sylvie aliuliza aandike nini kwenye bashi. Aliuliza kama anavyomuuliza mteja yeyote, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza.

"Usiandike amekufa. Hakuna mutu ameona. Siku yenyewe hatuijui. Weka picha, weka jina, andika familia inawaalika nyumbani samedi. Ile letre nene itasema ingine."

Siku ile Kamate hakuwepo, alikuwa amekwenda Irumu kwa mambo ya shamba lake. Sylvie alibaki peke yake na mashine. Picha aliyokuwa nayo ya Patou ilikuwa moja tu nzuri, aliyopigwa kwenye ubatizo wa Fanny, akicheka, shati jeupe, glasi mkononi. Aliikata glasi. Akaweka uso katikati ya turubai. Akaandika jina chini yake kwa herufi nene, akatazama.

PATOU UDAGA.

Zilisimama pale na miguu yao mipana. Alikuwa ameyaona maelfu ya maandishi kama hayo na hakuna hata moja lililomtazama. Hili lilimtazama. Lile neno lake moja, anakimbia, alilotembea nalo tangu masika, halikuwa na mahali pa kupita. Hakuna kitu kinachokimbia kwa herufi zile. Alihisi kama anamshika Patou miguu ili waliokuwa wakimfuata wamfikie.

Akayafuta. Akachagua herufi nyingine, nyembamba, za kulala upande, zenye mikia, ambazo sekretaria huzitumia kwa ubatizo na harusi. Jina likawa jepesi. Akajiambia kwamba ni jina lile lile, na kwamba picha ni picha ile ile, na watu wana akili, wataelewa. Akachapa kabla hajabadili mawazo. Mzee, kwa macho yake yale, aliishika turubai tu, akapapasa pembe zake, akashukuru. Ndugu zake waliona uso wa kijana wao na jina lake, na wao wawili hawakuijua desturi ya Bunia kama mzee alivyoijua. Ijumaa asubuhi waliitundika kwenye kona, pale njia ya nyumbani inapoacha barabara kubwa.

Mama Léontine naye alisimama kwenye kona akaitazama. Hakujua kusoma. Aliitazama muda mrefu, akamtazama Sylvie, akarudi ndani ya uzio.

Jumamosi walipanga viti. Viti vya plastiki vilivyokodiwa vilijaza uwanja na kufika mpaka kwa jirani. Ndani, chumbani, shina la mgomba lilikuwa limelazwa kitandani, limevishwa suruali na lile shati jeupe, na kufunikwa shuka mpaka juu. Ndugu wa mzee waliketi mlangoni, mikono magotini. Kulikuwa na sufuria mbili za maharage na moja ya sombe, majani ya mihogo. Jua lilipanda. Watu hawakuja.

Sio kwamba hawakupita. Walipita. Wengine walichungulia kupitia uzio wakaona viti, wakapunga mkono kwa furaha, wakaenda zao sokoni. Mwalimu wa Fanny alipita akasema kwa sauti kwamba atakuja mchana akishabadili nguo. Mzee Udaga aliuliza mara kwa mara nani ameingia, na kila mara ndugu yake alimjibu kwamba bado. Mwisho akaacha kuuliza. Alikaa akikunja na kukunjua vidole juu ya mpini wa fimbo yake, na uso wake ukawa mdogo.

Sylvie alianza kuelewa alipomwona mama mkwe wake. Mama Léontine alikuwa amevaa kitenge kipya, cha njano chenye maua, kile alichovaa kwenye harusi yao. Alikuwa anafagia mbele ya uzio mahali palipokwisha kufagiwa. Hakulia tangu asubuhi. Wanawake wawili waliotoka naye Mahagi walikuwa wameketi jikoni, wakingoja mama mwenye mtoto aanze kulia ili nao walie, maana hakuna anayetangulia mama. Walikuwa wakitazamana.

Basi Jeannine, jirani wa ng'ambo ya barabara, akaingia na kreti la soda kichwani, akipiga vigelegele tangu kwenye kona. Alilitua kreti katikati ya viti vitupu, akamkumbatia Mama Léontine, akamzungusha.

"Mama Patou! Mungu ni mukubwa. Mbona hamukutuita jana? Patou iko wapi, amelala? Muache alale, nitamusalimia tu."

Ndugu wa mzee alisimama nusu, akakaa tena. Na Mama Léontine, badala ya kumkosoa Jeannine, alimshika mikono yote miwili.

"Bado hajafika," alisema. "Ni leo. Tunangoja."

Akatoka. Alipita kati ya viti, akapita uzio, akaenda mpaka kwenye kona, chini ya ile turubai, akasimama ukingoni mwa barabara kubwa na ufagio mkononi. Kila pikipiki iliyotoka upande wa machimbo aliifuata kwa kichwa, akimwangalia abiria, mpaka imepita. Halafu akageukia nyingine.

Sylvie alimfuata. Alisimama karibu yake akamwambia mama, turudi ndani, jua kali. Mama Léontine hakugeuka.

"Mimi sisomaka," alisema, macho yakiwa barabarani. "Lakini ile ya wafu naijua. Nimeiona hapa kwa mutoto ya dada yangu, nimeiona njia yote tukiingia mujini. Iko nyeusi, iko na miguu. Hii ya Patou haina miguu. Nikasema Mama Fanny amepata simu. Anajua, anaogopa kutuambia mbele ya batu, muzee asipate mushituko." Akatabasamu kidogo, bado haangalii. "Ni weye njo unaandikaka. Usingekosea."

Lori la kijeshi likapita na vumbi lake. Sylvie alingoja vumbi litulie, na halikutulia haraka.

"Hakuna simu, mama."

"Ni Didier njo amekuambia?"

"Didier hana kitu. Hakuna mutu ana kitu. Ni mimi nilishindwa kuandika. Niliweka letre ya wafu, nikaona siwezi, nikaiondoa. Ni hivyo tu."

Mama Léontine aliutazama ufagio aliokuwa ameushika, kama mtu aliyekuta kitu cha mwenzake mkononi mwake. Pikipiki mbili zilipita na hakuzifuata. Sylvie alingoja atukanwe. Alitaka atukanwe. Angepokea hata kofi, pale barabarani, mbele ya watu.

"Basi kaandike," mama alisema.

Akakaa chini, palepale kwenye ukingo wa barabara, kitenge cha njano juu ya vumbi.

Kamate alikuwa amerudi kutoka Irumu. Alikuwa ameiona turubai kwenye kona akiwa njiani, na kwa dakika nzima, alimwambia Sylvie baadaye, naye alifurahi. Alipomwona Sylvie anaingia dukani bila kitambaa cha kichwa, macho makavu, hakuuliza. Alikwenda nyuma akaliwasha jenereta, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, akarudi akasimama nyuma ya kiti.

"Toka hapo, dada. Nitaifanya mimi. Ni kazi ya dakika kidogo."

"Acha, patron."

Aliifungua kazi ya Alhamisi. Akazichagua herufi nene. Kwa ukubwa ule wa zile nyembamba jina halikuenea. Lilitoka nje ya turubai pande zote mbili, P upande huu na A ya mwisho upande ule. Angeweza kulipunguza. Hakulipunguza. Aliondoa mwaliko wa familia, akaisogeza picha juu na kuifanya ndogo, akaliweka jina katika mistari miwili, Patou juu na Udaga chini, akaliacha lichukue mahali pake. A na T zilikaa mbali mbali, kama siku zote. Akazisogeza zikaribiane mpaka mguu wa moja ukagusa kivuli cha nyingine. Kazi hiyo ndogo aliifanya polepole. Ilikuwa kitu cha mwisho ambacho mtu angeweza kumfanyia, na alikijua vizuri.

Mashine ya kuchapa ya Kamate hutoa turubai kichwa chini. Kwa hiyo kilichotoka kwanza ilikuwa miguu. Mstari wa miguu mipana, myeusi, inang'aa wino, ikisogea mbele kidogo kidogo, na mtu asiyejua asingeweza kusema ni ya nani. Kisha miili ya herufi. Kisha mstari wa pili. Uso wa Patou ulikuja mwisho, umepinduka, ukianzia kidevuni, kicheko kabla ya macho. Sylvie alisimama pale mpaka nywele zikatoka. Kamate alikata turubai kwa wembe, akaishika upande mmoja, Sylvie akashika mwingine, wakaisubiri ikauke. Kamate alikuwa analia bila sauti. Sylvie bado.

Walirudi kwa pikipiki, Sylvie katikati ya dereva na Kamate, turubai imekunjwa mapajani mwake. Kwenye kona Mama Léontine alikuwa bado ameketi, na Jeannine ameketi pembeni yake, ameshika kilemba chake mkononi. Ndugu wa mzee waliteremsha turubai ya kwanza. Wakapandisha ya pili, wakaifunga kamba nne.

Mama Léontine aliinuka akaisogelea. Ilikuwa imetundikwa chini kiasi cha mkono wake kufika. Aliweka kiganja juu ya ile herufi ya kwanza, na herufi ilikuwa kubwa kuliko kiganja.

"Soma," alisema.

Sylvie akasoma. Alisema jina lote, jina la mume wake na jina la ukoo, kwa sauti ya kawaida.

Ndipo mama akalia. Haikuwa sauti ya juu mwanzoni. Ilianza kama mtu anayejaribu kuita mtoto aliye upande wa pili wa mto, ikapanda, ikavuka barabara. Wanawake wa Mahagi waliisikia kule jikoni wakaipokea. Dereva wa pikipiki aliyekuwa anapita alipunguza mwendo, akasoma, akazima redio, akavua kofia. Mwanamke aliyebeba mihogo aliitua. Mwalimu wa Fanny, ambaye alikuwa anakuja na shati la sherehe, alisimama katikati ya njia, akageuka, akarudi kwake kubadili tena.

Walianza kuingia. Hawakuuliza chochote, walikaa tu. Viti vikaanza kupungua. Vijana wa shimo moja na Patou walikuja pamoja na Didier, na yeye mwenye mkono mbovu ndiye aliyeingia kwanza chumbani kumwona aliyelala chini ya shuka. Mzee Udaga aliuliza ni nani hao wanaoingia. Ndugu yake akamwambia ni watu. Ni wengi? Ni wengi. Mzee akaiweka fimbo chini.

Sylvie alikuwa bado amesimama mlangoni. Tangu asubuhi alikuwa akisimama, akihudumia, akichota maji, kama mwanamke yeyote kwenye shughuli ya nyumbani kwake. Mmoja wa wanawake wa Mahagi akamjia, mama mtu mzima asiyemjua vizuri. Alimvua hereni, moja baada ya nyingine, akazifunga kwenye ncha ya kitenge chake mwenyewe. Alimvua viatu. Mwingine alikuwa ameshatandika mkeka kwenye pembe ya chumba, kando ya kitanda, na hakuna aliyehitaji kumwambia ni wa nani.

Alikaa. Wakamfunika mabega. Nje, wanaume walikuwa wanapanga nani ashike kichwani na nani miguuni.